Rasimu ya sheria ndogo za mabonde imefika kijijini: mita 60 tuzipimie wapi, na vinyungu viende wapi?

Bonde_la_Babu

Kamwene wakuu, habari za huko mliko.

Naandika kutoka Nyanda za Juu Kusini, wilaya ambayo mabonde yake yanashusha maji uwanda wa Usangu. Halmashauri inaandika upya sheria ndogo za kulinda vyanzo vya maji na maeneo oevu. Rasimu imeshushwa vijijini tuijadili kabla haijapanda Baraza la Madiwani. Mimi nimo kwenye kamati ya mazingira ya kijiji, kwa hiyo mkutano mkuu ukikaa mwisho wa mwezi nitatakiwa kusimama niseme kitu. Nataka nisimame nikiwa nimejipanga, ndiyo maana nimeleta hapa.

Kwa wasiolijua bonde la huku: msifikirie mto wenye kingo mbili. Ni kama sahani ndefu. Katikati kuna kijito, mahali pengine unakiruka. Pembeni ya kijito kuna tope jeusi lenye matete na ndago, ukikanyaga ardhi inanepa. Ukitoka hapo kuelekea kilimani ardhi inakauka kidogo kidogo, na hapo ndipo wazee wetu walipofungua vinyungu. Kinyungu ni shamba la bondeni linalolimwa mvua zikishaisha, Juni au Julai. Unainua matuta, unapanda mahindi, maharage, njegere, viazi. Mwezi wa kumi na mbili, mahindi ya kilimani yakiwa ndiyo kwanza yanachipua, ya kinyungu yanaliwa mabichi. Mimi nimesomeshwa na kinyungu.

Rasimu inasema, kwa kifupi, hakuna shughuli yoyote ya kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, mto, kijito au eneo oevu. Haisemi mita zinaanza kuhesabiwa wapi. Wiki iliyopita nilishuka na kamba pamoja na vijana wawili wa kamati, tukapima. Tukianzia kijitoni, pale bonde lilipo pana, mita 60 zinaishia katikati ya matete. Chemchemi zinazotoka kwenye mguu wa kilima, ambazo ndizo zinazolisha bonde zima, zinabaki nje ya ulinzi. Na hapohapo kwenye mguu wa kilima ndipo milingoti (mikaratusi) inapopandwa siku hizi, hadi miche inagusa maji. Tukianzia pale matete yanapoishia, mita 60 zinapanda kilima zinabeba nyumba kumi na moja, kanisa, na nusu ya uwanja wa shule. Kwa kipimo cha kwanza bonde linakufa. Kwa cha pili hakuna atakayetii, na bonde linakufa vilevile.

Maoni yangu ni haya. Sheria ndogo ianze na bonde lenyewe, namba zifuate. Kuna moyo wa bonde, lile tope jeusi linalonepa: huko pasiingie jembe kabisa. Kuna pembezoni, penye vinyungu vya kiangazi: hapo palimwe kwa masharti. Na kuna mguu wa kilima, penye macho ya chemchemi: huko milingoti itoke, irudi mivengi, miti yetu ya asili, na majani. Kila kijiji kiweke mipaka yake kwa vigingi, watu wakiwa wamesimama pale wanaona.

Naombeni mnikosoe kabla hawajanikosoa mkutanoni.

MtendajiMstaafu

Mkuu, kushuka na kamba ni kazi ambayo wengi wetu maofisini hatukuifanya. Nilikuwa mtendaji wa kijiji miaka kumi na minne. Niwekee hapa upande wa sheria.

Mita 60 zinatoka kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kisome chenyewe, usitegemee mtu akusimulie. Kinataja ufukwe wa bahari, ziwa la asili, ukingo wa mto, bwawa na lambo. Kinamasi hakimo kwenye sentensi hiyo. Maeneo oevu yana utaratibu wake ndani ya sheria hiyohiyo, ambapo Waziri anaweza kulitangaza eneo kuwa ardhioevu inayolindwa. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo, kifungu cha 7, inayataja maeneo oevu na ardhi iliyo ndani ya mita 60 za ukingo wa mto miongoni mwa ardhi inayoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Mwandishi wa rasimu yenu amechukua namba ya mto akaiweka kwenye kinamasi, bila kujiuliza kinamasi kina ukingo gani.

Jambo la pili ni aina ya shughuli. Kifungu cha 57 kinakataza shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu hifadhi ya eneo. Rasimu yenu inasema "yoyote". Kuchota maji kwa ndoo ni shughuli. Kukata matete ya kuezekea ni shughuli. Kuvuka kwenda shule ni shughuli. Sheria ndogo inayomfanya kila mtu awe mkosaji inampa mgambo nguvu ya kuchagua nani wa kumkamata, na hilo nimeliona kwa macho yangu.

Lakini usijidanganye na upande wa pili. Sheria ndogo haiwezi kulegeza sheria mama. Penye mto halisi, mita 60 zipo, na hutaandika 20 ukapita. Nafasi yako ipo kwenye mambo matatu: wapi panapimwa, shughuli ya msimu ni ipi na inafanywaje, na kinamasi ambacho hakina namba.

Na kuna ngazi mbili, watu wanazichanganya. Sheria ndogo ya halmashauri ya wilaya inakwenda kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Sheria ndogo ya kijiji inaandaliwa na halmashauri ya kijiji, inajadiliwa na mkutano mkuu, kisha inaidhinishwa na Baraza la Madiwani. Haiendi Dodoma. Mambo ya kina kama ya kwako, bonde fulani, mvengi fulani, jiwe fulani, yaandikwe kwenye ya kijiji na yaoane na mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Ya wilaya ibebe msingi tu.

Niliwahi kumpeleka mtu mahakama ya mwanzo kwa kulima chanzoni. Hakimu aliniuliza swali moja: mpaka uko wapi? Sikuwa na kigingi hata kimoja. Yule bwana aliondoka akapanua shamba, na watu wakajua kwamba inawezekana.

Mama_Keni

Kamwene baba zangu na kaka zangu.

Mimi ni mlima vinyungu, mjane, nina watoto watatu. Nataka mtuelewe. Kilimani nina ekari moja ambayo bila mbolea ya dukani haitoi kitu. Kinyungu changu ni kidogo, hatua thelathini kwa ishirini, na ndicho kinachonunua sare na madaftari. Mwaka fulani walikuja watu wakafyeka mahindi yakiwa kimo cha goti, wakasema tulitangaziwa. Hatukutangaziwa. Tulikuwa tumeshaweka mbegu na samadi. Nililia pale shambani, sikuona aibu.

Lakini na mimi nimeona bonde likibadilika. Zamani mwezi wa kumi tulichota maji kwenye jicho la juu, sasa mwezi wa tisa tunashuka hadi la chini. Na nawaambia wanaolikausha ni akina nani. Siyo mwenye keni, kopo la kumwagilia. Mimi namwagilia kwa keni, natembea kijitoni na kurudi, mkono unajua ni maji kiasi gani nimetumia. Wanaokausha ni wanaochimba mfereji katikati ya tope ili eneo likauke waweke kabichi za kupeleka mjini, na pampu inaunguruma usiku. Mfereji ukishachimbwa, hata matuta yangu ya pembeni yanapasuka. Wengi wao wamekodi tu, wanalima misimu miwili wanahama, sisi tunabaki na shimo.

Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa na sheria yake: jembe lisifike pale miguu inapozama hadi kifundo. Alipita mwenyewe anakanyaga, anasema hapa basi. Hakuna aliyebishana naye. Naomba kaka Bonde_la_Babu uiandike hiyo.

Mto_Chini

Naheshimu machungu ya mama hapo juu, ila lazima mtu wa chini aongee.

Mimi ni wa uwanda wa Usangu. Kila bonde mnalolizungumza hapa ni mshipa unaokuja kwetu. Mito ya juu ikikutana inatengeneza Ihefu, kinamasi kikubwa, na maji yanayotoka Ihefu ndiyo Ruaha Mkuu unaopita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kwenda Mtera na Kidatu, mabwawa ya umeme. Huo mto ulianza kukatika kiangazi mwaka 1993. Tangu hapo, mwaka hadi mwaka, kuna majuma viboko wanarundikana kwenye dimbwi moja la tope. Mwaka 2006 wafugaji na ng'ombe wao waliondolewa Usangu kwa nguvu, na mwaka 2008 eneo likaingizwa ndani ya hifadhi ya taifa. Wakulima wa mpunga tulinyooshewa vidole, na sehemu ya lawama ni yetu, mashamba ya umwagiliaji yanakunywa maji mengi. Lakini hakuna aliyepanda juu kuuliza maji yanaanzaje safari.

Kwa hiyo nikisikia "masharti", "msimu", "pembezoni", napata hofu. Kila mlango mdogo mnaoufungua huko juu, huku unakuwa lango. Kinyungu kimoja cha hatua thelathini hakina neno. Vijiji vina vinyungu vingapi? Na nani atahesabu keni na nani atahesabu pampu? Namba moja ngumu ina ubaya wake wote mlioutaja, lakini inaeleweka na kila mtu, hata aliyekwenda shule siku mbili.

Bonde_la_Babu

Mto_Chini, hofu yako ni ya haki na siipuuzi. Ila tazama namba ngumu imezaa nini. Mita 60 zimekuwepo kwenye sheria tangu 2004. Kinamasi changu kimefunguliwa mifereji mitano ndani ya muda huo, namba ikiwepo. Hakuna aliyeitii kwa sababu hakuna aliyewahi kuonyeshwa inapoanzia.

Na kitu kingine kuhusu tope jeusi. Lile ni majani yaliyooza nusu kwa miaka mingi sana kwa sababu maji yaliyafunika. Linanyonya mvua ya masika na kuiachia taratibu kiangazi chote. Ukichimba mfereji, maji yanatoka haraka, tope linaingia hewa, linaoza lililobaki, linashuka, linapasuka. Kuna mahali kwetu limeshika moto chini kwa chini likafuka siku nyingi. Likishafika hapo, ukifunga shamba hurudishi kitu. Ndiyo maana nasema nguvu zetu zote ziende kwenye moyo wa bonde na kwenye macho ya chemchemi. Tukigawa nguvu ileile kwa kila mita, tunakamata mama wa keni mchana na pampu inaunguruma usiku.

Jangwani_Zamani

Wakuu, mimi ni wa Dar, nimekulia bonde la Msimbazi. Mnaweza kudhani hayahusiani. Yanahusiana kabisa.

Msimbazi unatoka milima ya Pugu unaishia baharini karibu na daraja la Selander. Pale kati ni bonde la mafuriko, wazee walilima mchicha na mpunga, maji yakija yanatandaa yanaondoka. Halafu nyumba zikashuka. Moja, mbili, mtaa. Tulilipa kodi ya majengo, tulivutiwa umeme, tulichaguliwa wajumbe. Kila ofisi ilitutambua kwa karatasi yake, na hakuna aliyeweka kigingi kusema maji yanaishia hapa. Desemba 2011 mvua ilikuja ikaua watu zaidi ya 40 jijini. Waliohamishiwa Mabwepande walianza maisha kwenye mahema. Mwisho wa 2015 serikali ikaja na rangi nyekundu, alama ya X ukutani, na katapila. Mama yangu alikaa kwenye kifusi siku mbili akilinda mabati.

Sasa bonde linarudishwa kwa mradi mkubwa, Benki ya Dunia peke yake imetoa mkopo wa dola milioni 200 ulioidhinishwa mwaka 2022. Fedha hizo ni za kurekebisha kitu ambacho mwanzoni kingelindwa kwa vigingi na mtendaji mwenye msimamo.

Kwa hiyo ninyi wa mabondeni huko, bonde lenu bado lina matete. Msingoje nyumba. Kama kuna kitu kimoja ningeomba kisiwe na masharti wala msimu, ni jengo. Shamba linaondolewa kwa mavuno, nyumba inaondolewa kwa machozi.

Kijana_wa_Nguzo

Mimi ndiye ninayezungumzwa hapo mwanzo, ingawa si wa kijiji hicho. Nina ekari mbili za milingoti kwenye mguu wa kilima. Nilipanda 2017 kwa sababu nguzo za umeme zilikuwa zinatafutwa kila kona na kila mtu aliambiwa apande miti, kupanda miti ni kutunza mazingira. Leo naambiwa ni mharibifu. Nilikopa kununua miche. Sheria ikipita, ning'oe mwaka gani, na nani ananirudishia?

Siulizi kwa ubishi. Jicho la maji lililokuwa chini ya shamba langu limekauka, nimeliona. Sikujua.

Bonde_la_Babu

Mdogo wangu, asante kwa kusema hivyo mbele ya watu. Ninalopendekeza kwenye rasimu: mlingoti uliopo uvunwe mara moja ukifikia kimo cha soko, tena kwa muda uliowekwa, na baada ya hapo visiki visiachwe vichipue. Mlingoti ukiukata bila kuua kisiki unarudi na machipukizi manne, na wengi watasema "nimeshakata". Mpya usipandwe kuanzia siku sheria inapoanza. Ndani ya ukanda wa chemchemi upande mvengi au miti mingine ya asili, na kitalu cha kijiji kitoe miche bure. Ukiwa na wazo bora lilete, wewe ndiye unajua hesabu ya mkopo.

Nyando_Kavirondo

Salamu kutoka Kisumu. Niwape ya Kenya msije mkarudia makosa yetu.

Kanuni zetu za maeneo oevu na kingo za mito za mwaka 2009 hazikuweka namba moja. Zinasema ukanda wa ukingo uwe kati ya mita 6 na mita 30, ukihesabu kutoka alama ya juu kabisa ambayo mafuriko yamewahi kufika. Hiyo sehemu ya pili ni nzuri sana, iibeni. Mtu yeyote wa hapa Nyando anaweza kukuonyesha maji yalifika wapi, kuna alama kwenye kuta za shule.

Tatizo ni hiyo sehemu ya kwanza. Kati ya 6 na 30 kuna uwanja mzima wa mabishano. Mwenye jengo anataka 6, ofisi ya mazingira inataka 30, na kwa miaka mingi sheria nyingine za ardhi na upimaji zilikuwa na vipimo vyao tofauti. Kaunti zikaja 2013 nazo zina mamlaka ya mipango ya ardhi. Mtu alikuwa anapata kibali ofisi moja na notisi ya kubomoa kutoka nyingine. Mwezi wa tano 2024, baada ya mafuriko, serikali ikasema wote walio ndani ya mita 30 Nairobi watoke, tingatinga zikaingia Mathare na Mukuru. Waliobomolewa wengi ni wapangaji wa vyumba vya mabati, hata hawakujua kuna mstari.

Mkisema "kwa masharti", andikeni nani anaamua na kwa kipimo gani, tena kwenye karatasi hiyohiyo. Mkiacha nafasi ya afisa kuamua mwenyewe, mwenye pesa ataamua.

Mpimaji_Ughaibuni

Nimezaliwa Njombe, sasa naishi jimbo la Washington, Marekani. Kazi yangu ni ramani, na mambo haya ya kanda za kinga ni mkate wangu wa kila siku.

Huku sheria ya jimbo ya mwaka 1990 inalazimisha kila kaunti na kila mji kuwa na kanuni zake za kulinda maeneo nyeti, maeneo oevu yakiwa mojawapo, na kuzipitia upya kila baada ya miaka 10 kwa kutumia sayansi bora iliyopo. Hazina mita 60 za kila mahali. Kinamasi kinapewa daraja, la kwanza hadi la nne, kwa kutazama kinavyosafisha maji, kinavyopunguza mafuriko, na viumbe wanaokitegemea. Halafu wanatazama jirani yake anafanya nini. Kinamasi cha daraja la nne kando ya shughuli nyepesi kinaweza kupata ukanda wa futi 25, kama mita 7 na nusu. Cha juu chenye viumbe wengi kando ya ujenzi mzito kinafika futi 300, mita 90 na kidogo. Ukiweka shughuli nyepesi, ukanda unapungua. Kwa lugha ya Mama_Keni: keni ina ukanda wake na pampu ina wa kwake.

Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwenye kesi ya Sackett, ilipunguza sana vinamasi vinavyolindwa na sheria ya taifa. Vile ambavyo havijaungana na mto au ziwa kwa maji ya juu vilitolewa. Hapa kwetu bado kuna sheria ya jimbo na kanuni za kaunti, vinamasi havikuachwa wazi. Ndiyo sababu nimefurahi kuona mnaandika kwa ngazi ya kijiji. Sheria ya juu inaweza kubadilika bila ninyi kuulizwa.

Kuhusu wapi pa kuanzia kupima, tunatumia ishara tatu kwa pamoja: maji, mimea na udongo. Maji yanaweza kukudanganya kiangazi, mimea inaweza kufyekwa. Udongo hausahau. Chimba shimo la kina cha goti. Ukikuta udongo wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu, au mweusi unaonata na kunuka yai viza, hapo maji hukaa muda mrefu kila mwaka, hata kama leo pamekauka. Endelea kupanda kilima ukichimba kila hatua kumi, pale kijivu kinapoisha ndipo kinamasi kinapoisha. Vijana wawili na jembe, asubuhi moja mnalimaliza bonde.

Baba mkwe wa Mama_Keni alikuwa anafanya kazi hiyohiyo kwa kifundo cha mguu.

Mto_Chini

Nimesoma yote, na ya udongo yamenigusa kwa sababu aliyefyeka matete hawezi kusema hapakuwa na kinamasi.

Basi nisogee kidogo. Nitakubali vinyungu vya pembezoni, kwa sharti moja ambalo lisiwe na mlango: mfereji wa kukausha tope upigwe marufuku popote bondeni, kwa mtu yeyote, na iliyopo ifukiwe. Aliyechimba ndiye afukie. Na pampu, mtu aonyeshe kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, hana kibali izimwe. Mkiandika hivyo, mimi wa chini nitawaunga mkono nikiwa na barua.

MtendajiMstaafu

Hiyo inaandikika, na inathibitika mahakamani. Mfereji unaonekana, unapigwa picha, haubishaniwi kama mita. Ongezeni ng'ombe, hamjawagusa kabisa. Ng'ombe mia wakishuka kunywa kwenye jicho la maji kila jioni wanalipondaponda kuliko jembe. Weka bomba dogo lishushe maji kwenye mbauti, birika la kunyweshea mifugo, chini ya chemchemi, jicho lizungushiwe uzio wa miti. Sharti la kuwazuia ng'ombe bila mbauti halitadumu wiki moja.

Na faini msiiweke juu kuliko uwezo wa watu, isizidi pia kiwango cha sheria mama, la sivyo mwanasheria wa halmashauri ataikata. Adhabu ya kufukia na kupanda ina maana zaidi.

Bonde_la_Babu

Wakuu, nimekaa na kamati jana jioni, nikawasomea uzi huu karibu wote kwenye simu. Tutakwenda mkutanoni na maandishi haya, bado yanarekebishika.

Mpaka wa kinamasi utapimwa kwa udongo na mimea, mbele ya wenye mashamba, na utawekwa vigingi vya mawe vilivyopakwa chokaa pamoja na mivengi kati ya kigingi na kigingi. Penye mto mkubwa mwisho wa kijiji, mita 60 zinabaki, zikihesabiwa kutoka alama ya juu ya maji, na ukanda huo tumeuacha kabisa bila kinyungu. Ndani ya vigingi vya kinamasi hakuna jembe, hakuna moto, hakuna mfereji, hakuna tofali. Nje ya vigingi, kinyungu kinaruhusiwa kuanzia mwezi wa sita hadi mavuno, kwa keni au ndoo, matuta yakikinga mteremko, na dawa za kuulia wadudu zisichanganywe wala bomba la kupulizia lisioshwe bondeni. Anayekodi kutoka nje anabanwa na masharti yaleyale, na aliyemkodisha anawajibika pamoja naye. Macho ya chemchemi sita tumeyaorodhesha kwa majina yake ya asili, kila moja litapata duara lake na miti yake. Milingoti kama nilivyomjibu Kijana_wa_Nguzo. Jengo jipya hakuna, wala choo. Nyumba kumi na moja zilizopo hazivunjwi, ila haziongezwi upande wa bonde. Kuhusu kanisa tutaongea na wazee wake kwanza.

Kwenye rasimu ya wilaya tutaomba mambo mawili tu: "shughuli yoyote" ibadilishwe ifuate maneno ya kifungu cha 57, na iongezwe sentensi kwamba mpaka wa eneo oevu utakuwa ule ulioainishwa kwenye sheria ndogo ya kijiji iliyoidhinishwa. Sheria ipitiwe tena baada ya miaka mitano.

Lililobaki gumu ni nani atasimamia. Mgambo hatuwataki peke yao. Wazo lililopo ni watu wanne kila kitongoji, wawili wawe wenye vinyungu.

Mama_Keni

Wawili hao wawe wanawake, maana bondeni ni sisi tunaoshinda kutwa. Na siku ya kuweka vigingi isiwe Jumatano, ni siku ya mnada, wengi wetu hatutakuwepo na baadaye watasema tulitangaziwa.

Mkitaka pa kuanzia, kinyungu changu ndicho cha kwanza ukitokea juu. Kuna mvengi mkubwa pembeni, baba mkwe aliuacha. Chimbeni hapo kwangu kwanza, watu waone nimerudi nyuma mimi, ndipo muende kwa wengine. Nadhani nitapoteza matuta manne. Nimeshayahesabu.